Akipata Rangi, Funga

Mutheu alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa sokoni Kitengela nachagua viazi. Aliniambia mama yake, Sista Ndunge, amelala hakuamka. Alilia kidogo, akapenga kamasi, kisha akaingia kwenye shughuli kama watoto wa marehemu wanavyolazimika kuingia. "Auntie, kwa kile kitabu cha mazishi tunataka wewe uandike hiyo part ya kazi. Wewe ndio ulimjua huko wodi. Ukurasa moja tu, na tunaomba iwe imefika kesho jioni juu ya mtu wa kuprint." Nikamwambia nitaandika. Nikalipa viazi nikaviacha pale pale, na mwenye kibanda akanifuata navyo mpaka barabarani akiniita mama, mama, viazi. Nyumbani nilikaa mezani na kalamu tangu mchana hadi jua likahamia ukuta wa pili. Niliandika kwamba Sista Ndunge alikuwa mchapakazi, mcheshi na mwenye upendo, nikaichana karatasi, kwa maana kila aliyekufa katika nchi hii alikuwa mchapakazi, mcheshi na mwenye upendo. Kumwandika yeye bila kuandika mwaka ule ni uongo, na mwaka ule sijawahi kumwambia mtu. Nina nywele nyeupe sasa, mimi ndiye msimamizi wa wodi ya watoto wachanga, wauguzi wadogo hunyamaza nikiingia, na bado mwaka ule nauogopa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni juzi, na Kajiado ndiko jina langu lilikopelekwa. Wodi ya watoto wachanga ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi ya kujifungulia, rangi ya kijani hadi kifuani mwa mtu na nyeupe juu yake, na dirisha halikufunguliwa kwa sababu ya vumbi. Vitanda vya joto vilikuwa vitatu, viwili ndivyo vilivyofanya kazi. Watoto walilala wawili wawili, na katikati yao ulisimama mtungi mmoja wa oksijeni uliofungwa kwa bendeji kwenye mguu wa meza usianguke. Nje mitungi mitupu ilipangwa ukutani kungoja lori la Nairobi, na lori lilikuja lilipotaka. Hapo ndipo nilipomkuta Sista Ndunge, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, Mkamba aliyezungumza Kiswahili kwa lafudhi ya kwao na Kimaasai kwa lafudhi hiyo hiyo. Shingoni alivaa spana ya kufungulia mtungi, ikining'inia kwa kamba ya kiatu mahali ambapo wenzake walivaa rozari. Akianza mzunguko wake hakuangalia kadi kwanza. Alimfunua mtoto miguu, akabonyeza wayo kwa kidole gumba, akahesabu kimoyomoyo, kisha akauvuta mdomo wa chini atazame ulimi. "Huyu amepata rangi," alikuwa akisema. "Funga, peleka kwa ule."

Siku ya kwanza nilibisha. Nilikuwa nimesoma, na msomi mpya hubisha. "Sista, lakini ameanza kupumua vizuri sasa hivi. Si tumuachie kidogo?" Alinitazama bila hasira. "Hiyo kidogo ni ya nani? Angalia ule pale kwa kona. Hiyo kidogo ni yake." Nikamtazama yule wa kwenye kona, kijivu midomoni, mbavu zikizama kila akivuta pumzi, nikaufunga mpira wa oksijeni wa yule wa kwanza nikauhamisha. Wa kwenye kona alipata rangi, na yule wa kwanza hakuipoteza yake. Tulifanya hivyo mara ngapi kwa siku siwezi kusema. Baada ya miezi michache sikuwa tena nafikiri; jicho liliona ulimi, mkono ukaenda kwenye mtungi. Sista Ndunge alifurahi, akanipa spana ya pili na kamba yake. Wanawake wa usafi walimcheka wakipiga deki ukumbini, wakidhani hatusikii. "Huyu hata akifika mbinguni atauliza nani amepata rangi," mmoja alisema, na mwenzake akajibu kwamba malaika wakae macho, watafungiwa. Sisi wawili tulikuwa ndani ya chumba cha mashuka tunakula muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa vijiko viwili kutoka bakuli moja. Yeye aliendelea kutafuna. Akasema wacha wacheke, wao hawajawahi kuchagua.

Katikati ya mwaka huo hospitali moja ya watu binafsi ilifungua wodi ya watoto wachanga Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Walimtaka Sista Ndunge awe mkuu wa wodi, naye akasema haji bila mimi. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, vitanda viwili, jiko la mafuta na kamba ya nguo katikati. Ijumaa yeye alirudi Kajiado kwa Mutheu, wakati huo msichana wa darasa la pili, na Jumapili jioni alirejea na mahindi ya muthokoi ndani ya mfuko wa unga. Mchana machimbo ya mawe yalipolipuliwa, vioo vya wodi vilitetemeka na Sista Ndunge akainua macho kwenye dari kukagua kama imepasuka. Kila kitu kilikuwa kipya na yeye hakukiamini. Oksijeni ilitoka ukutani. Alifungua na kufunga kifundo chake, kile cha kuzungusha, siku nzima ya kwanza akiuliza, "Na hii haiishi? Kweli haiishi?"

Mashine iliyotuleta kwenye habari hii ililetwa na daktari wa watoto aliyekuwa akija kutoka Nairobi. Wafadhili walikuwa wameitoa kwa majaribio ya mwaka mmoja, watoto watibiwe bila malipo, na kama ingefanya vizuri zingekuja nyingine, na moja ingepelekwa Kajiado. Sista Ndunge aliposikia hayo ya Kajiado alikaa chini. Daktari alitueleza kwa mikono yake miwili. Mtoto akiwa tumboni hapumui, mapafu yake yamelala na mishipa ya damu mle ndani imebana, maana hana haja nayo. Akizaliwa akalia, mishipa inafunguka. Kuna watoto ambao mishipa yao inakataa kufunguka. Hao unaweza kuwamwagia oksijeni ya dunia nzima wakabaki kijivu, kwa sababu damu haipiti kwenye mapafu kuichukua. Sote wawili tulitazamana, maana tulikuwa tumewazika wengi wa namna hiyo Kajiado bila kujua walikuwa na nini. Basi kuna gesi inaitwa nitriki oksaidi, daktari akasema, inatoka kwenye mtungi wa hii mashine, inachanganywa kidogo sana kwenye hewa anayovuta mtoto, inafika kwenye mishipa ile na kuilegeza. Kisha akainua kidole. "Hii si oksijeni. Hii haizimwi, inashushwa. Leo ishirini, kesho kumi, tano, nne, mpaka moja. Ukiikata ghafla, mishipa inabana kushinda mwanzo." Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari chini mara mbili. Daftari ninalo mpaka leo.

Mtoto wa kwanza tuliyemwekea alikuwa binti wa mwalimu mmoja wa hapo mjini. Mtoto kama huyu hupimwa oksijeni mahali pawili, mkono wa kulia na mguu, na akiwa mgonjwa mguu hubaki nyuma ya mkono. Tulisimama na Sista Ndunge tukitazama namba mbili za kijani kwenye monita, tisini na moja juu, sabini na mbili chini. Ile ya chini ikaanza kupanda, sabini na tano, themanini, ikapanda mpaka ikaifikia ya juu. Sista Ndunge alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya jengo ameegemea tangi la maji, analia kwa sauti ya chini. "Nahesabu wale wa Kajiado," alisema. Yule binti alienda nyumbani akinyonya, na wa pili baada yake pia.

Wa tatu alitoka Bisil, kwa wafugaji wa Kimaasai. Mama yake aliitwa Naserian, pengine wa miaka kumi na tisa, na uchungu wa uzazi wake wa kwanza ulikuwa umechukua siku mbili. Mtoto alikuwa amejisaidia ndani ya maji ya uzazi na kuyavuta mapafuni. Alifika amefunikwa shuka nyekundu, ngozi rangi ya majivu, na kadi yake tuliiandika Mtoto wa Naserian, kwa sababu kwao mtoto hapewi jina mpaka familia ikae na kumfanyia sherehe yake. Naserian alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kile kitanda siku nne mfululizo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha mbuzi na sukari, na sisi sote tukajiambia hasikii tunachosema. Sista Ndunge peke yake ndiye aliyemsalimu vizuri kwa Kimaasai kila asubuhi, "Takwenya," naye akajibu "Iko," macho hayajatoka kwa mtoto. Niligundua siku ya pili kwamba hakuwa anamtazama mtoto tu. Alikuwa anatutazama mikono. Nikiweka sindano aliufuata mkono wangu, nikigeuza kifundo aliufuata, mpaka nilimpa chai ya maziwa ili apate kitu kingine cha kutazama. Siku ya nne mtoto alikuwa ameshushwa kutoka ishirini hadi tano, mkono tisini na sita, mguu tisini na sita. Daktari alisema Jumamosi huenda mashine ikatoka kabisa.

Ilikuwa Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Sista Ndunge alikuwa ameitwa wodi ya kujifungulia, mama mmoja alikuwa anavuja damu. Daktari alikuwa njiani, amekwama kwenye msongamano wa magari Athi River. Mlango ukasukumwa na nikaletewa mtoto mwingine, aliyezaliwa saa moja iliyopita, kijivu midomoni, mbavu zinazama. Nilimlaza kitanda cha pili. Nikamtazama. Nikageuka nikamtazama mtoto wa Naserian, ulimi wake mwekundu, nyayo zake zimejaa damu, amelala vizuri. Nimejiuliza maswali yote ambayo mtu anaweza kujiuliza, na sipati mahali nilipoamua. Sikukumbuka daftari. Sikukumbuka ukutani kuna oksijeni isiyoisha, ambayo, kama ilivyojulikana baadaye, ndiyo pekee aliyoihitaji yule mgeni wa kitanda cha pili. Alienda nyumbani baada ya siku tano. Nilikuwa Kajiado, mtungi mmoja, mtoto kwenye kona. Nilinyoosha mkono nikaufunga mtungi wa nitriki, nikaanza kuuondoa mpira niuhamishe.

Namba ya mguu ndiyo iliyoanguka kwanza. Themanini na nane. Sabini. Nilielewa kabla haijafika sitini, na nikaufungua mtungi tena, lakini mashine ile ukiivuruga inataka ianze upya, ijipime, ijisafishe, nayo haikujua kwamba nina haraka. Nilimpa pumzi kwa mkono, nikiminya mfuko wa hewa na kumwita Sista Ndunge kwa sauti ambayo sikuwa najua ninayo. Alikuja mbio na damu ya yule mama kwenye aproni. Alitazama mtungi, akatazama kitanda cha pili, akanitazama mimi, na uso wake ukaonyesha kwamba amesoma yote. Akaanza kukikandamiza kifua cha mtoto kwa vidole. Gesi ilirudi, ikafika, na mishipa haikuisikia tena. Saa kumi daktari alipoingia na funguo za gari bado mkononi, tulikuwa tumeacha kuminya.

Uchunguzi ulifanywa kesho yake katika ofisi iliyo kando ya chumba cha mashuka, na ukuta wake ulikuwa wa mbao. Nilikuwa ndani ya chumba cha mashuka, nangoja kuitwa, nimeshika foronya ambayo nimeikunja na kuikunjua sijui mara ngapi. Nilimsikia mkurugenzi akiuliza nani aligusa mtungi. Nikasikia kiti kikisogezwa. "Ni mimi," alisema Sista Ndunge. Daktari akasema, taratibu, kwamba yeye aliambiwa Sista alikuwa wodi ya kujifungulia. "Nilirudi. Niliona ametosha, nikafunga. Mimi ni wa zamani, hii mashine yenu sikuielewa." Najua mlango ulikuwa hatua tatu kutoka pale nilipokaa. Najua pia kwamba sikusimama. Waliita wafagizi, wakaita aliyeleta yule mtoto wa pili, wakaniita mimi mwisho, na nikasema sikuona vizuri. Nilisema hivyo, kwa Kiswahili safi. Nina aibu, na aibu hiyo haijapungua hata siku moja.

Jioni Sista Ndunge, ameshafutwa kazi, alikuwa anapakia vitu vyake kwenye begi. Nilimwambia nitarudi kesho niseme ukweli. Alikuwa anakunja vitenge, hakuacha. "Useme ili iwe nini? Wafute wawili?" Kisha akakaa kitandani, akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka kwenye goti lake. "Huu mkono nilifunza mimi, Nekesa. Kila siku nilikuwa naufunza. Sasa nikuambie ni wako peke yako?" Nililia sana. Yeye hakulia, alinipakulia muthokoi na kuniamrisha nile, nikala, Mungu anisamehe, nilikuwa na njaa. Mashine ilichukuliwa wiki iliyofuata. Ya Kajiado haikuletwa. Wafadhili waliandika kwamba wahudumu wa maeneo yale hawajawa tayari, na karatasi hiyo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo mpaka ikawa njano. Sista Ndunge alipata kazi kwenye zahanati ndogo Bisil, akazalisha wake wa wafugaji huko mpaka akastaafu. Mimi nilibaki, nikapanda cheo. Tulipokutana tuliongea habari za Mutheu na bei ya mahindi. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitasema, na kila mwaka yeye alibadilisha mazungumzo, nami nikamshukuru kimoyomoyo kwa kuyabadilisha. Nitriki imerudi Kitengela sasa. Nawafunza wauguzi wadogo kuishusha, na nimewapa amri ambayo wanaiona ya ajabu, kwamba kifundo kile kiguswe na watu wawili pamoja, mikono miwili, na mmoja aseme kwa sauti anachofanya. Hawajui imetoka wapi.

Mutheu nilimwandikia upya ule ukurasa wa mchapakazi na mcheshi, nikampelekea. Ukurasa wa pili, wa kweli, niliuandika usiku wa kuamkia mazishi nikautia kwenye mkoba, nikijiambia nikiitwa kuongea nitausoma, nikijua kabisa naweza pia nisiusome. Alizikwa kwenye shamba lake dogo nje ya Kajiado mjini, upepo unapeperusha mahema na vumbi linaingia kwenye chai. Nilikaa safu ya tatu. Mwanamke wa makamo, shuka la bluu, shanga masikioni, akaja akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu. Nilimwamkia "Takwenya" kwa mazoea. "Iko," akajibu, na kwa sauti hiyo nikamjua Naserian. Kiswahili chake sasa kilikuwa kizuri kuliko cha wengi pale. Aliniambia Sista Ndunge ndiye aliyemzalisha watoto wake wanne waliofuata, huko Bisil, na kila mara alifika na sukari na sabuni. "Aliniambia ni yeye," alisema. "Alikuja kwetu mwezi haujaisha, akakaa chini mbele ya mama mkwe wangu, akasema ni yeye alifunga. Mimi nikanyamaza tu."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya mkoba. Aliutazama vile vile alivyokuwa akiutazama akiwa kwenye kiti cha plastiki.

"Ni huu," alisema. "Mimi nilikuwa pale. Waliuliza mpaka wafagizi. Mimi hakuna mtu aliniuliza."

Nilifungua mkoba nikatoa ule ukurasa ili aone kwamba nilikuwa nao, kitendo cha kitoto, na yeye hakuutazama. Mbele yetu msimamizi wa shughuli alikuwa anamwita mtu wa kanisa. Naserian alisubiri makofi yaishe.

"Sista, kuna kitu nataka kuuliza, na usinidanganye. Wote waliniambia mtoto alikuwa amechoka, kwamba hata hivyo angeenda. Huyu mama tunayemzika pia aliniambia hivyo. Alikuwa amechoka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Sista Ndunge alikuwa amenitayarishia hilo pia.

"Hapana," nilimwambia. "Alikuwa anapona. Jumamosi angetoka kwa mashine. Mngerudi Bisil na yeye."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Alitazama kaburi, akatazama wanawe wawili wakubwa waliosimama na majembe kungoja zamu ya kufukia.

"Lemayian," alisema mwishowe. "Tulikuwa tunangoja sherehe. Angeitwa Lemayian."

Msimamizi akaita jina langu, mwakilishi wa wafanyakazi wenza wa marehemu, dakika mbili tafadhali. Nilitafuta kalamu kwenye mkoba. Pale nilipokuwa nimeandika Mtoto wa Naserian nikakata kwa mstari, nikaandika Lemayian juu yake, kisha nikainuka kwenda mbele kusoma.